Mvuke Jikoni mwa Dada Yangu

Dada yangu ndiye aliyenifundisha kusawazisha mlinganyo wa kemia, kabla mwalimu yeyote hajanifundisha. Tulikuwa nyumbani kwa mama, Mbita, yeye akiwa kidato cha tatu na mimi nikiwa bado shule ya msingi. Mama alikuwa ameshuka ufuoni kununua omena za kuanika, wale dagaa wa ziwani, nasi tumeachiwa maharagwe tuyachambue. Dada akachoka kuchambua. Akaleta konzi ya mahindi, akaimwaga juu ya gunia karibu na maharagwe.

"Mahindi ni haidrojeni," akasema. "Maharagwe ni oksijeni. Haidrojeni haitembei peke yake, hutembea mbilimbili. Oksijeni pia hivyo hivyo. Sasa nitengenezee maji. Maji ni mahindi mawili na haragwe moja."

Nikachukua mahindi mawili na maharagwe mawili. Nikapata maji mara moja tu, na haragwe moja likabaki. Sikujua la kulifanyia, nikalitupa nyuma yangu.

Dada alicheka mpaka akajishika mbavu. "Rudisha! Hapa hakuna kutupa kitu. Kilichoingia lazima kionekane kikitoka. Ongeza mahindi mengine mawili."

Nikaongeza, na maji yakatoka mara mbili bila kitu kubaki. Akachukua kipande cha mkaa akaandika ukutani, 2H₂ + O₂ → 2H₂O, akanieleza kwamba ile mbili ya mbele huhesabu vitu vizima, na ile ndogo ya chini haiguswi kamwe, kwa sababu ukiigusa utakuwa umetengeneza kitu kingine badala ya maji. Mama aliporudi alituuliza nani amechafua ukuta, na mboga ya jioni ikachelewa.

Mwaka ule haukwisha kabla dada hajapata mimba. Mimba yenyewe iliharibika, lakini shule hakurudi. Aliolewa na kijana kutoka upande wa Migori, mchimbaji wa dhahabu wa Masara, mtu mpole asiye na maneno mengi, akaenda kukaa huko. Mimi niliendelea na masomo hadi nikawa mwalimu wa kemia, na serikali iliponipa kazi ikanipeleka shule ya kutwa isiyo mbali na Masara. Nilipompigia dada simu kumweleza kwamba natafuta chumba cha kupanga, alikasirika.

"Upange na mimi nipo? Watu watasema nini? Njoo."

Basi nikakaa kwake, katika chumba cha pembeni walichokuwa wakiwekea magunia. Boma lilikuwa la nyumba ya bati, nyumba ya mama mkwe wake, jiko la udongo lililosimama peke yake, na shamba dogo la mahindi. Walikuwa na mtoto mmoja, msichana. Shemeji alishuka shimoni kila siku isipokuwa Jumamosi, kwa kuwa wote wawili walikuwa Wasabato. Dada alifanya kazi ya wanawake wengi wa pale. Mawe yaliyotoka shimoni yalipelekwa kinuni yakasagwa kuwa unga, yeye akaukosha unga ule kwenye karai, halafu akatia zebaki.

Asiyewahi kuiona zebaki huona ajabu. Ni metali, lakini hutiririka kama maji mazito yanayong'aa. Ukiichanganya na mchanga wenye dhahabu, huikamata dhahabu hata ile isiyoonekana kwa macho, vikashikana. Mwisho wa kuikosha unaikamua ndani ya kitambaa, na kinachobaki ni kidonge cheupe kama fedha. Kidonge hicho huchomwa. Kikiisha kuchomwa weupe hauonekani tena, unabaki na dhahabu ya manjano kwenye kijiko. Nilimwona dada akikosha na kukamua. Kuchoma sikuwahi kumwona. Nilidhani kulifanywa na mnunuzi, katika kibanda chake kule machimboni.

Zaidi ya dhahabu, dada alikuwa msusi. Wanawake walikuja kwake kutoka mbali kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi na mistari yake ilinyooka. Miezi yangu ya kwanza pale, kila Jumapili alinisuka nikiwa nimeketi chini katikati ya magoti yake, akinisimulia habari za majirani. Kisha nikaona mistari inapinda. Nikadhani amechoka. Baadaye nikaona chai inamwagika kwenye kisahani anapompa mgeni. Uzi wa sindano ukamshinda, akanipa mimi nimtungie. Akaanza kulalamika kwamba mdomo una ladha ya chuma, kama mtu anayenyonya sarafu, na fizi zikawa zinatoka damu akipiga mswaki. Wateja wake wa nywele wakapungua, mmoja mmoja, bila kusema sababu.

Kilichotuumiza zaidi ni hasira. Dada ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti alianza kufoka kwa vitu vidogo, mlango ulioachwa wazi, kuku aliyeingia ndani. Akishafoka alijifungia chumbani akalia, na akitoka huko hakumtazama mtu.

Mama mkwe alikuwa na maelezo yake. Msimu uliopita dada alikuwa amepanda mahindi kabla ya mke wa kaka mkubwa wa shemeji kupanda, na kwa desturi ya Waluo mke wa mkubwa ndiye hutangulia. Akasema hiyo ni chira, laana ya mtu aliyevunja mwiko, na chira humkausha mtu taratibu kama hivi. Akamleta mzee wa manyasi, dawa ya miti shamba ya kusafisha laana. Dada alikuwa Msabato na hakuamini, lakini alikunywa.

"Nikikataa watasema nimekataa kupona," aliniambia.

Muhula huo nilikuwa nafundisha kidato cha pili misingi ya mmenyuko, yaani vitu viwili au zaidi vinavyokutana vikabadilika kuwa vitu vipya. Shule yetu haikuwa na vifaa vingi, ila tulikuwa na mzani mmoja mzuri na utepe wa magnesiamu. Tuliupima utepe ndani ya kikombe cha udongo chenye kifuniko, tukauchoma, tukasubiri upoe, tukapima tena jivu lile jeupe. Wanafunzi walitazamia jivu liwe jepesi, kama jivu la kuni. Likawa zito kuliko utepe. Darasa likapiga kelele. Nikawauliza uzito ulioongezeka umetoka wapi, tukabishana mpaka mmoja akasema umetoka hewani. Nikaandika ubaoni 2Mg + O₂ → 2MgO, nikawaeleza kwamba oksijeni ya hewani ndiyo iliyoingia. Atomi haziumbwi na hazipotei, zinabadilisha wenzao tu. Usipoiona atomi upande wa pili, tafuta vizuri, kwa sababu iko mahali.

Msichana mmoja wa nyuma, ambaye kwao ni machimboni, akainua mkono.

"Madam, samahani. Sisi kwetu tunachoma zebaki. Ikishachomwa, dhahabu inabaki. Sasa hiyo zebaki, upande wa pili inaandikwa wapi?"

"Swali zuri," nikasema. "Hiyo si kama magnesiamu. Zebaki ikichomwa haigeuki kuwa kitu kingine. Inapata joto, inakuwa mvuke, kama maji ya sufuria. Ilikuwa zebaki ya maji, sasa ni zebaki ya mvuke."

"Na mvuke unaenda wapi?"

"Hewani."

"Na kama mlango umefungwa, madam? Kwetu akina mama wanachomea jikoni na mlango wanafunga."

Wanafunzi walikuwa wakinitazama, na nusu yao walitoka katika nyumba kama hizo. Nikawaambia ukweli wote, kwamba mvuke huo hauna rangi wala harufu ya kukushtua. Kwamba ukipoa hurudi kuwa zebaki, ukashika ukutani, kwenye bati, kwenye sufuria. Kwamba ule unaovutwa na pua huingia mapafuni, ukapita kwenye damu hadi kwenye figo na ubongo. Wakaniuliza mtu kama huyo anakuwaje. Nikaanza kutaja: mikono hutetemeka, fizi huvimba, mdomo huwa na ladha ya chuma, hasira zisizo na sababu. Kila nilichotaja nilikuwa nimekiona nyumbani. Nikaomba radhi, nikatoka nje nikashika ukuta wa darasa.

Jioni nilimkuta dada ameketi uani akichambua osuga, mboga ya mnavu, majani yakimponyoka vidoleni. Tulizungumza Kijaluo, kama kawaida yetu.

"Dada, ile dhahabu yako huchomwa wapi?"

"Jikoni. Kwa nini?"

"Si kwa mnunuzi?"

"Zamani. Tukaona kila akituchomea inapungua, tukaanza kuchoma wenyewe. Huwa nachoma mchana, wewe ukiwa shuleni."

"Na mlango?"

"Nafunga. Dhahabu haichomwi watu wakikutazama."

Nikamweleza. Nilianza kwa kuzungukazunguka, naye akanikatiza. "Niambie vile unavyowaambia watoto wako wa shule." Nikamwambia vile. Alinisikiliza hadi mwisho, mkono mmoja ameushika kwa mwingine ili utulie.

"Haipotei," nilisema.

"Najua haipotei. Si mimi niliyekufundisha?" Kisha akasema, "Miaka yote hii natia kitu kizito kwenye karai, halafu sikioni tena, na sijawahi kujiuliza kimekwenda wapi. Nilikuwa natazama dhahabu tu."

Akajaribu kucheka, kicheko kikageuka. Tulilia pale uani, mboga kwenye ungo, hadi mtoto wake akaja kusimama karibu nasi akitushangaa.

Shemeji aliporudi kutoka shimoni, amejaa tope hadi kwenye kope, dada mwenyewe alimweleza. Hakubisha. Alichukua chupa ya zebaki na lile karai akavitoa bomani. Jumapili akaja na wenzake, wakalibomoa jiko, kuta na paa, wakabeba ule udongo kwenda kuufukia mbali, na jiko jipya likajengwa upande mwingine wa boma. Mama mkwe alitazama kazi ile akiwa mlangoni pake.

"Jiko halina kosa," akasema. "Kosa lilifanyika shambani."

Hospitalini Migori tulimpata daktari msichana mdogo, pengine rika langu. Alimtazama dada mikono, akamwambia achore duara kwenye karatasi, na duara likawa kama nyuzi za buibui. Alichukua damu na mkojo vikapelekwa kupimwa mbali. Majibu yalipokuja alitukalisha chini.

"Zebaki imo, nyingi. Ukikaa mbali nayo itatoka mwilini taratibu, na mikono inaweza kutulia. Lakini figo zimeumia. Hizo ndizo zinanitia wasiwasi."

Alikuwa na haki ya kuwa na wasiwasi. Miguu ya dada ilianza kuvimba, kisha uso. Asubuhi macho yalikuwa hayafunguki vizuri. Tukaambiwa anahitaji mashine ya kusafisha damu, na dada akaomba apelekwe Homa Bay ili awe karibu na mama. Shemeji alikubali. Dada akahamia Mbita na mtoto, akawa anapelekwa Homa Bay mara mbili kwa wiki, akirudi amechoka kiasi cha kushikwa mkono kutoka barabarani hadi nyumbani. Mama alimpikia samaki bila chumvi, na kwa kuwa dada hakuweza kula peke yake mbele za watu bila kumwaga, mama aliwafukuza wote waliokuja kusalimia wakati wa chakula.

Likizo ilipofika nilikwenda kukaa nao. Zilikuwepo siku nzuri. Siku moja akiwa kwenye mashine aliniuliza inafanyaje kazi, nikamweleza kwamba damu hupita upande mmoja wa utando mwembamba, maji yenye dawa hupita upande wa pili, na uchafu hupenya kutoka kwenye damu kwenda kwenye maji.

"Kwa hiyo uchafu wangu unabebwa na yale maji," akasema.

"Ndiyo."

"Na yale maji humwagwa wapi?"

Muuguzi aliyekuwa karibu akacheka, akasema mgonjwa huyu angekuwa mwalimu. Dada akageuza uso ukutani.

Zikaja siku mbaya pia. Alimwita mama kwa jina la bibi yetu aliyekwisha kufa. Aliniuliza kama nimefanya mtihani wa darasa la nane. Homa ikampanda, wakamlaza, na daktari wa pale akatuambia damu imeingiwa na wadudu na mwili hauna nguvu ya kupigana. Mchana mmoja akili ilimrudia wazi kabisa. Alinishika kifundo cha mkono, vidole vyake vikitetemeka juu ya mshipa wangu.

"Usiache watu waseme ni chira. Mtoto wangu atakua akiambiwa mama yake alilaaniwa."

"Sitaacha."

"Waambie. Na wale akina mama wengine waambie pia. Waambie polepole, usiwaaibishe."

Alifariki kesho yake saa za chakula cha mchana, mama akiwa ameinama kumfuta mdomo. Mama hakupiga yowe. Aliendelea kumfuta kwa muda mrefu, mpaka muuguzi alipomshika bega.

"Nyathina," alisema mama, yaani mwanangu.

Mke huzikwa kwa mumewe, kwa hiyo tulimrudisha Masara. Wanawake wa machimboni walikuja wote. Waliketi kwenye nyasi kwa vikundi, leso zimefungwa kiunoni, wengi wao wameficha mikono chini ya kanga. Zamu ya familia yetu ya kusema ilipofika nilisimama mimi.

Nikasema hakufa kwa chira. Nikaeleza kwa Kijaluo, na kwa Kiswahili kwa ajili ya Wakuria waliokuwepo, zebaki ni nini, inakwenda wapi ikichomwa, na inafanya nini ikiingia ndani ya mtu. Nilisema kama ni lazima kuchoma, basi iwe mbali na nyumba, mahali pa wazi, upepo ukikupiga mgongoni, watoto na wajawazito wasiwepo, na kwamba hata hivyo si salama. Minong'ono ikaanza. Mwanamume mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Mwalimu anataka tule nini?" Kuna wanawake walioinuka wakaenda kusimama kwenye kivuli cha mbali. Shemeji, ambaye sijawahi kumsikia akihutubia, akasimama kando yangu karibu na jeneza.

"Mnaonijua mnajua sisemi," akasema. "Mke wangu alikuwa mzima. Sasa yuko humu jenezani. Msikilizeni huyu."

Akaketi.

Wiki mbili tatu baadaye, mama mkwe alikuja chumbani kwangu. Nilikuwa nikifungasha vitu, kwa kuwa shule ilikuwa imenipatia nyumba. Hakukaa nilipomkaribisha. Alinyoosha mikono yake mbele yangu, viganja chini, na mikono ikatetemeka.

"Nilikuwa naketi naye jikoni," akasema. "Baridi ikinishika nilikuwa naketi naye, mlango umefungwa. Hii yangu ni uzee, ama ni ile?"

Nilimwambia sijui, na kwamba kuna namna ya kujua. Nikampeleka kwa daktari yule yule wa Migori. Ilikuwa ndani yake pia, lakini si nyingi, na figo zake zilikuwa nzima. Tulipofika bomani alipita kaburini kwanza, akasimama hapo amevua viatu, nami nikamwacha.

Bado nafundisha shule ileile. Wapo wanawake walioanza kuchomea nje, mbali na nyumba, na wapo wanaoendelea kufunga mlango. Yule msichana aliyeniuliza swali alimshawishi mama yake aachane na zebaki kabisa, sasa mama anauza omena kutoka Muhuru Bay sokoni, na msichana ananiambia biashara ni ngumu.

Mtoto wa dada anaishi Mbita na mama yangu. Nilipokwenda juzi tulikuwa ufuoni tukigeuza omena kwenye nyavu za kuanikia, mama ametangulia mbele na ufagio. Mtoto akaniambia, bila mimi kumuuliza chochote, kwamba siku moja alivunja kikombe na mama yake akamwambia anatamani asingemzaa.

"Mama alikuwa hanipendi," akasema.

Nikaacha kazi. Nikamweleza kwamba ile zebaki hufika hadi sehemu ya ubongo inayotuliza hasira, ikaiharibu, kama ilivyoharibu mikono. Nikamweleza mama yake alivyokuwa kabla, jinsi alivyokuwa akicheka mpaka akajishika mbavu, na jinsi hata akiwa mgonjwa alivyomlaza hospitalini kwenye kitanda chake hadi muuguzi akawagombeza. Alinisikiliza akichora mchangani kwa kidole cha mguu.

"Kwa hiyo hakuwa yeye?"

"Alikuwa mgonjwa. Alikupenda hata wakati huo."

"Lakini alisema," akajibu.

Mama alikuwa akituita kutoka mbele, wingu limeanza kujikusanya upande wa kisiwa cha Rusinga na omena bado hazijakauka. Tukaanza kuzikusanya upesi, yeye upande wake, mimi upande wangu.